Fundi Anajibu: Kuchapisha Faili kwa Amri

Katika toleo lililopita nilimwambia msomaji mmoja, kwa sentensi mbili tu, kwamba faili linaweza kupelekwa kwenye printa kwa amri ya kuandika, bila kufungua programu wala kugusa kipanya. Sentensi hizo mbili zimeniletea barua nyingi kutoka Mwanza mjini na ng'ambo ya ziwa, na karibu zote zinauliza jambo lile lile kwa sura tofauti, kwa hiyo safu ya leo nimeitoa nzima kwa ajili ya printa.

SWALI: Ndugu Fundi, habari za kazi. Nina steshenari ndogo Nyegezi na wateja wangu wengi ni wanafunzi. Kompyuta yangu ni ya zamani, na kijana mmoja aliniwekea Ubuntu kwa sababu Windows ilikuwa imeielemea. Umeme ukikatika katikati ya kazi kisha ukarudi, printa hukaa kimya ingawa taa yake inawaka. Nabonyeza kuchapisha mara tano, mara sita, wala haishtuki. Baadaye, nikiwa nimekwishamrudishia mteja hela yake, inaanza kumwaga karatasi, kazi moja nakala sita. Je, hizo amri zako zinaweza kumsaidia mtu ambaye hakusomea kompyuta?
Mwenye steshenari, Nyegezi

JIBU: Habari ni nzuri, ndugu yangu, na pole kwa rimu zilizopotea. Zinaweza kukusaidia, na nitakueleza kwanza kinachotokea, kwa sababu ukikielewa hicho amri zenyewe utazikumbuka bila shida.

Unapobonyeza kuchapisha, faili lako haliendi kwenye printa moja kwa moja. Linakwenda kwenye foleni iliyo ndani ya kompyuta, linaandikwa kwenye diski, linapewa namba, kisha linasubiri zamu yake. Mfumo unaoisimamia foleni hiyo katika Ubuntu unaitwa CUPS. Umeme ukikatika, printa inazimika lakini foleni inabaki, kama magari yanavyobaki kwenye mstari pale Kamanga kivuko kinapochelewa ng'ambo. Kisha CUPS, ikiona kwamba printa imeacha kuitikia, mara nyingi huamua kuifunga foleni hadi mtu aje kuifungua. Umeme unaporudi, printa ni nzima, kompyuta ni nzima, ila lango limefungwa. Wewe unabonyeza mara sita, na kila mara unaongeza gari jingine kwenye mstari. Siku lango likifunguliwa, yote yanapita.

Kwa hiyo printa ikinyamaza, jambo la kwanza ni kuitazama foleni, kabla ya kutuma kitu kingine chochote. Fungua dirisha la amri, yaani terminali, uandike:

lpstat -p -d

Amri hii inakutajia printa zote ambazo kompyuta inazifahamu, hali ya kila moja, na ipi ndiyo ya kawaida, yaani ile inayotumika usipotaja jina. Tuseme yako inaitwa Duka. Ukiona mbele ya jina hilo neno disabled, lango limefungwa. Kisha andika:

lpstat -o

Hapo utaona kazi zinazosubiri, kila moja kwa mstari wake, zikianza na jina la printa na namba: Duka-118, Duka-119, Duka-120 na kuendelea. Hizo ndizo zile nakala sita. Bakisha moja na ufute nyingine kwa amri ya cancel, ukitaja kila kazi kwa jina lake:

cancel Duka-119 Duka-120 Duka-121

Ukitaka kuzifuta zote kwa mpigo, andika cancel -a Duka. Baada ya kusafisha, ndipo unafungua lango:

cupsenable Duka

Ikikuambia huna ruhusa, tanguliza neno sudo mbele ya amri hiyo na utaulizwa nywila. Nimeupanga mfululizo huu kwa makusudi. Watu wengi hufungua lango kwanza halafu wakakimbilia kufuta, na printa ya leza haimsubiri mtu.

Kuna jambo jingine ambalo steshenari nyingi hazilifahamu. Kazi iliyokatishwa na umeme, ukifungua lango, huanza upya kutoka ukurasa wa kwanza. Kama ni ripoti ya kurasa 40 na tayari kurasa 23 zimetoka salama, usiiache ijirudie. Zihesabu kwa mkono kurasa zilizotoka, kwa maana kompyuta inajua ilichokituma na haijui kilichofika kwenye trei. Ifute kazi hiyo, fungua lango, kisha tuma kipande kilichobaki tu:

lp -d Duka -P 24-40 ripoti.pdf

Hapa lp ndiyo amri ya kuchapisha, -d hutaja printa, na -P hutaja kurasa. Kwa nakala tatu ungeongeza -n 3. Kuwa mwangalifu na hiyo P kubwa, kwa sababu ipo amri nyingine inayofanana nayo, lpr, ambayo kwake P kubwa ni jina la printa na wala si kurasa. Mimi mwenyewe niliwahi kuzichanganya nikiwa kwenye ofisi ya mteja. Niliandika lp na P kubwa nikitaraji karatasi zitoke pale mezani, kumbe kazi imekwenda kwenye printa ya kawaida, iliyokuwa chumba cha bosi, naye alikuwa na wageni. Ukichagua mojawapo, ishike hiyo hiyo. Mimi nimeshika lp.

Unaweza pia kuiambia CUPS isifunge foleni kila inapotokea hitilafu, bali ijaribu tena baada ya muda:

sudo lpadmin -p Duka -o printer-error-policy=retry-job

Majaribio hayo yana kikomo, hivyo umeme ukikatika kwa saa nzima bado utahitaji kuichungulia foleni. Na ukipata fedha ya kununua UPS, yaani kile kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika, ichomeke humo kompyuta peke yake. Printa ya leza usiichomeke humo, kwa sababu inapopasha moto ile roli inayoyeyushia wino wa unga huvuta umeme mwingi kwa ghafla, kiasi cha kuilemea UPS ndogo. Ilimradi kompyuta haijazimika, foleni yako iko salama.

Neno la mwisho kwako ni kuhusu wateja wanaokuja na flashi yenye faili la Word. Usilitume faili la Word moja kwa moja kwa lp, kwani mara nyingi litakataliwa. Funga kwanza madirisha yaliyo wazi ya LibreOffice, ile programu inayofungua mafaili ya Word kwenye Ubuntu, kisha ligeuze kuwa PDF:

libreoffice --headless --convert-to pdf "Barua ya Maombi.docx"

Alama za kufungulia na kufungia usemi ni za lazima jina la faili likiwa na nafasi ndani yake. Bila hizo, kompyuta itadhani umeitajia mafaili matatu, la kwanza Barua, la pili ya, la tatu Maombi.docx, na haitaliona hata moja. Likishageuzwa, andika pdfinfo pamoja na jina la PDF ili uone idadi ya kurasa kabla ya kumtajia mteja bei. Wasifu wa kazi uliokuwa kurasa mbili kwenye Word wakati mwingine huwa kurasa tatu kwenye LibreOffice, ule wa tatu ukiwa na mstari mmoja tu, na mteja hatakubali kuulipia.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari Ilemela. Nina mtihani wa kurasa 5 kwa mikondo mitatu yenye wanafunzi 44 kila mmoja. Printa yetu ya shule haina uwezo wa kugeuza karatasi yenyewe. Muhula uliopita nilijaribu kuchapisha pande zote mbili kwa mkono, na kuanzia mwanafunzi wa pili kurasa zilichanganyikana, nikaishia kupanga karatasi sakafuni hadi usiku. Je, kwa amri inawezekana?
Mwalimu, Ilemela

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Inawezekana, na hilo lililokupata nitakuonyesha chanzo chake, kwa sababu amri peke yake isingekuokoa.

Kuchapisha pande mbili kwa mkono maana yake ni kutoa kwanza kurasa za namba witiri, yaani 1, 3 na 5, kisha kuzirudisha karatasi zile zile kwenye trei na kutoa namba shufwa nyuma yake. Mtihani wako una kurasa 5. Witiri ziko tatu na shufwa ziko mbili, 2 na 4. Kwa mwanafunzi mmoja hakuna shida, kwani karatasi ya tatu unaiweka pembeni. Lakini kwa wanafunzi 44 mfululizo, karatasi zinazoingia kwenye trei ni tatu tatu na kurasa zinazokwenda nyuma ni mbili mbili. Kwa hiyo nyuma ya ukurasa wa 5 wa mwanafunzi wa kwanza unakaa ukurasa wa 2 ulio wa mwanafunzi wa pili, na kutoka hapo kila kitu kimesogea.

Dawa yake ni ukurasa wa 6. Ongeza ukurasa mmoja mwishoni mwa mtihani kabla ya kuugeuza kuwa PDF, na usiuache mtupu kabisa, maana zipo printa zilizowekwa kuruka kurasa tupu. Andika katikati yake maneno "Mwisho wa mtihani". Sasa witiri ni tatu na shufwa ni tatu.

Kisha jaribu kwa nakala mbili. Nakala moja haitoshi, kwa sababu kosa la muhula uliopita lisingeonekana kwenye nakala moja, nawe umelishuhudia likianzia kwa mwanafunzi wa pili. Nachukulia kwamba printa yenu inaitwa Shule:

lp -d Shule -n 2 -o collate=true -o page-set=odd mtihani.pdf

Karatasi sita zitatoka. Zirudishe kwenye trei, kisha:

lp -d Shule -n 2 -o collate=true -o page-set=even mtihani.pdf

Neno collate=true linaiambia printa imalize seti ya mwanafunzi mmoja kabla ya kuanza ya mwingine. Bila hilo unaweza kupata kurasa zote za 1 kwa pamoja, halafu za 3, ukarudi kule kule sakafuni.

Namna ya kuzirudisha karatasi kwenye trei ndipo printa zinapotofautiana, wala hakuna kanuni moja inayozifaa zote. Printa nyingi za leza hutoa karatasi zikiwa zimelalia uso, hivyo mpangilio unabaki sawa; printa nyingi za wino wa maji hutoa uso juu, na mpangilio unapinduka. Kwa zile zinazopindua, ongeza -o outputorder=reverse kwenye amri ya kwanza. Ili kujua yenu ni ya aina gani, chukua penseli, andika herufi J kwenye karatasi tupu ya juu kabisa katika trei, pembe ya juu kulia, kisha chapisha ukurasa wowote. Tazama J imetokea upande ulioandikwa au upande wa pili, na kichwa cha maandishi kiko upande wa J au mbali nayo. Mchoro huo ubandike ubavuni mwa printa kwa gundi ya karatasi, na mwalimu atakayekuja baada yako atakushukuru.

Nakala mbili zikitoka sawa, badilisha 2 kuwa 44 na ufanye mkondo mmoja mmoja. Usitume nakala 132 kwa mpigo, kwani karatasi ikikwama kwenye mkondo wa pili utashindwa kujua pa kuanzia. Seti moja inakula karatasi 3, mkondo mmoja unakula 132, na mikondo yote mitatu 396, kwa hiyo rimu moja ya karatasi 500 inatosha na kubakiza. Kwa upande mmoja ungehitaji karatasi 660.

Rimu yenyewe ifungue siku ya kazi. Miezi ya masika hewa ya huku ziwani ina unyevu mwingi, na karatasi iliyolala nje ya kifungashio chake hujikunja pembeni inapopita kwenye joto la printa, na ikirudishwa mara ya pili ndiyo inayokwama.

Kama una mitihani ya masomo mengi katika folda moja, unaweza kuituma yote kwa mstari mmoja, kila mmoja ukiwa kazi yake:

for f in *.pdf; do lp -d Shule -n 44 "$f"; done

Yape mafaili namba zenye tarakimu mbili, 01, 02 hadi 10, la sivyo kompyuta, ambayo hupanga kwa herufi, itatoa la 10 kabla ya la 2.

SWALI: Fundi, dukani kwangu Igoma mchana ni foleni ya watu, kwa hiyo kazi kubwa za wateja napenda zitoke saa mbili usiku nikiwa nafunga hesabu. Nilisoma kwamba lp inaweza kupewa saa. Niliandika -H 20:00, kazi ikatoka saa tano usiku nimekwishalala, asubuhi nikakuta karatasi zimetapakaa sakafuni. Kompyuta yangu saa yake ni sahihi. Kosa liko wapi?
Mfanyabiashara, Igoma

JIBU: Umefanya hesabu moja pale ambapo zinatakiwa mbili. Ya kwanza sote tunaizoea tangu utotoni, kwamba saa mbili usiku yetu ni 20:00 ya kwenye kioo cha kompyuta. Ya pili ndiyo iliyokuponyoka. Amri ya lp hailisomi chaguo la -H kwa saa ya Tanzania. Inalisoma kwa saa ya dunia, ile inayoitwa UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Ulipoandika 20:00, yenyewe ilielewa 20:00 ya UTC, ambayo kwetu ni 23:00, yaani saa tano usiku kamili, kama ulivyoona. Haikukosea hata dakika.

Kwa saa mbili usiku andika:

lp -d Duka -H 17:00 kitabu.pdf

Kwa saa kumi na moja alfajiri andika 02:00. Na ukiandika saa ambayo imekwishapita kwa hesabu hiyo ya UTC, kazi itasubiri hadi kesho yake.

Kuna njia ambayo mimi naipenda zaidi, kwa kuwa haidai hesabu yoyote. Tuma kazi ukiwa umeizuia, kwa -H hold, na itakaa kwenye foleni bila kikomo. Ukifika wakati wako, itazame namba yake kwa lpstat -o, kisha iachie:

lp -i Duka-140 -H resume

Hivyo karatasi zinatoka ukiwa umesimama pale pale, na trei ikijaa unaitoa.

SWALI: Ndugu Fundi, sisi huku Nansio tunatumia Windows. Je, haya mambo ya amri hayatuhusu?
Karani wa ofisi, Ukerewe

JIBU: Yanawahusu, ila amri ni nyingine na, nikisema kweli, kwa kazi hii Windows haijakamilika kama Linux, ile jamii ya mifumo ambayo Ubuntu ni mmojawapo. Fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, na uanze kwa Get-Printer, ambayo itakutajia printa zenu kwa majina kamili. Faili la maandishi matupu linachapishwa hivi, ukiweka jina la printa kama ulivyoliona:

Get-Content orodha.txt | Out-Printer -Name "Printa ya Ofisi"

Faili la PDF haliwezi kupita njia hiyo. Litatoka karatasi zilizojaa alama zisizosomeka. Kwa PDF mnaweza kutumia Start-Process barua.pdf -Verb Print, lakini amri hii hulikabidhi faili kwa programu inayofungua PDF kwenye kompyuta hiyo, na kama programu hiyo haikuandikishwa kwa kazi ya kuchapisha, mtapata ujumbe wa kosa. Kwa sababu hiyo nashauri mpakue SumatraPDF, programu huria, ndogo, isiyo na malipo, ambayo inaelewa amri vizuri:

SumatraPDF -print-to "Printa ya Ofisi" -print-settings "2x,1-4" barua.pdf

Hapo mmeomba nakala mbili za kurasa ya 1 hadi ya 4. Kama kompyuta itasema haiitambui SumatraPDF, andikeni njia kamili ya folda ilimowekwa.

Na lile tatizo la msomaji wa Nyegezi, la kazi zilizoganda, kwenye Windows lipo vile vile, na tiba yake ni kali kidogo. Fungueni dirisha la kawaida la amri, lile la cmd, kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, kisha muandike mistari hii mitatu, mmoja baada ya mwingine:

net stop spooler
del /q %systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*
net start spooler

Mstari wa kwanza unamsimamisha msimamizi wa foleni, wa pili unafuta kila kitu kilichomo, wa tatu unamwamsha. Kazi za watu wote zitapotea, za mkuu wa ofisi zikiwamo, kwa hiyo tangazeni kwanza.

SWALI: Kwa nini amri inaitwa lp? Na je, kwenye kompyuta ya Mac zinafanya kazi?
Mwanafunzi, Mwanza

JIBU: Herufi hizo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya printa ya mstari, ile mitambo mikubwa ya zamani iliyogonga mstari mzima wa maandishi kwa mpigo. Mitambo imekwisha, jina limebaki. Amri za lp na lpr zimetoka kwenye matawi mawili tofauti ya mfumo wa Unix, la kwanza la kampuni ya AT&T na la pili la chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, na ndiyo maana zinagombana kuhusu ile P kubwa. CUPS, iliyotungwa na Michael Sweet na kutolewa mwaka 1999, ilizipokea zote mbili ili mzoefu wa upande wowote asipotee. Apple iliiingiza kwenye Mac mwaka 2002 na kuinunua mwaka 2007, kwa hiyo lp, lpstat na cancel utazikuta pale pale ndani ya Mac.

SWALI: Fundi, kijana wangu wa dukani ameniambia kwamba anaweza kuchapisha tena faili la mteja hata baada ya mteja kuondoka na flashi yake. Nimeshtuka, kwa sababu kwangu watu huleta vyeti, namba za NIDA na mikataba ya viwanja. Ni kweli?
Mama mwenye steshenari, Mabatini

JIBU: Ni kweli, mama, na kijana wako amefanya vizuri kukuambia. CUPS ikiachwa ilivyokuja huhifadhi faili lililokwishachapishwa kwa sekunde 86400, yaani siku nzima, katika folda ya /var/spool/cups. Madhumuni yake ni mema, kwani karatasi ikitoka na madoa unaweza kuirudia kwa lp -i Duka-118 -H restart bila kumsumbua mteja. Orodha ya kazi zilizokwisha unaiona hivi:

lpstat -W completed -o

Namba kubwa iliyo katikati ya kila mstari ni ukubwa wa faili kwa baiti. Nalisema hili kwa kuwa nimewahi kumkuta mwenye duka akimdai kijana wake fedha za kurasa laki mbili.

Ukifunga duka jioni, futa kila kitu pamoja na mafaili yenyewe:

sudo cancel -a -x

Hakikisha tu hakuna kazi inayosubiri, kwa sababu nayo itakwenda. Ukitaka mafaili yasihifadhiwe kabisa baada ya kuchapishwa, mwambie kijana aongeze mstari huu katika faili la /etc/cups/cupsd.conf, kisha aiwashe CUPS upya:

PreserveJobFiles No

Kumbuka kwamba tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, karatasi za wateja wako si siri ya adabu tu, zina ulinzi wa sheria. Na kabla ya kuhangaika na CUPS, tazama kwanza folda ya Vipakuliwa na ile ya WhatsApp kwenye kompyuta hiyo, kwani vyeti vingi wateja huvituma kwa simu, na huko hakuna amri inayovifuta baada ya siku moja.